Joto la Ugenini ni Jambo la Mkataba

Juni na Julai ni miezi ambayo mkaaji wa Njombe hulitafuta koti lake kabla hajafungua mlango. Mji wenyewe umekaa kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika nyanda hizo za juu sakitu huonekana asubuhi juu ya majani ya viazi. Miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo Muscat, Doha na Dubai huungua. Joto la mchana huko hupita nyuzi 40, na mara nyingine hufika 45 na zaidi. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulioko pwani ya Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Usiku ule haukuwa na tofauti kubwa na mchana.

Basi kijana wa Liganga, wa kike au wa kiume, apandaye gari Makambako kwenda Dar es Salaam na kutoka hapo akaruka kwenda Ghuba kutafuta kazi, huitoka baridi na kuingia tanuruni katika muda wa siku mbili tatu. Twapenda kulizungumza jambo hili leo kwa sababu limezoeleka kusemwa kana kwamba ni jambo la ujasiri tu: mwenye nguvu atavumilia, na mlegevu atarudi kwao. Sisi hatukubaliani na maneno hayo.

Watu wa Njombe si wageni wa safari za namna hii. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kuwaandika vibarua, ambayo wazee waliijua kwa jina la SILABU. Wabena na jirani zao walichukuliwa kutoka milimani mwao wakapelekwa Tanga na Morogoro kuwa manamba. Walikuta jua ambalo hawakulizaliwa, wakajifunza kuamka alfajiri ili fungu la kazi liishe kabla jua halijasimama utosini. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha hayo kwa kuwapenda, walifundishana wenyewe.

Wengine kutoka nyanda za kusini walikwenda mbali zaidi, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Yaliyotendeka huko yafaa kukumbukwa. Chini ya ardhi, penye mwamba wa moto na hewa yenye mvuke, watu walianguka na kufa kwa joto tangu miaka ya 1920. Wenye migodi wakawatia kazini wataalamu, na baadaye vikajengwa vyumba vya joto ambamo kibarua mpya alifanyishwa kazi ya kupanda na kushuka kidaraja kwa siku kadhaa, akipimwa, kabla ya kushushwa shimoni. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Kibarua aliyekufa hakuchimba dhahabu. Lakini ikiwa makabaila wale, ambao hatuna neno la kuwasifu, waliijua hesabu hiyo zamani zile, tajiri wa leo hawezi kutuambia kwamba hajui.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwili wa mtu huzoea joto, lakini huzoea polepole, kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo jasho huanza kutoka mapema zaidi, chumvi inayopotea hupungua, na moyo huacha kwenda mbio. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani hushauri kwamba mgeni katika kazi ya joto afanye sehemu moja tu ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu ya tano kila siku. Tena si kila joto ni sawa. Jua la Dodoma hukausha jasho, na jasho likikauka mwili hupoa. Joto la Muscat wakati wa kiangazi hubeba unyevu wa bahari. Jasho hutiririka bila kukauka, na mtu hupika ndani kwa ndani. Huko nguvu za kulima ngwe mbili Ludewa hazimsaidii mtu sana.

Serikali za Ghuba zimelitambua jambo hili. Katika Oman kazi za nje husimamishwa tangu saa 6:30 mchana hadi saa 9:30, mwezi Juni hadi Agosti. Qatar, kwa amri ya mwaka 2021, husimamisha kazi za nje tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9:30, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Na saa yoyote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kikipita 32.1, kazi yapasa kukoma. Sheria hizo ni njema. Lakini hazikuja bure. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 kuhusu vibarua wa Nepal waliokufa Qatar kati ya 2009 na 2017 ulionyesha kwamba katika vifo 571 vya maradhi ya moyo, vifo hata 200 vingaliweza kuzuiwa kama watu wale wangalikingwa na joto. Walikuwa vijana, na walikwenda wakiwa wazima.

Hapa ndipo penye shida yetu hasa. Sheria ya saa za mchana imetungwa kwa ajili ya mtu ajengaye nyumba juani. Lakini ndugu zetu wengi waendao Oman ni wanawake, nao huingia ndani ya nyumba hizo kupika, kufua na kulea. Saa ya adhuhuri haimwachishi kazi yule aliye mbele ya jiko. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliotumika Oman na Falme za Kiarabu. Wako waliosema kwamba walifanya kazi hata saa 21 kwa siku, na hati zao za kusafiria zilishikwa na matajiri. Mtu asiyepumzika, na asiyeweza kuondoka, atauzoezaje mwili wake? Na je, chumba alalamo kina kiyoyozi, au amepewa stoo nyuma ya nyumba? Katika nchi ambayo hata usiku waweza kupita nyuzi 40, swali hilo si la anasa.

Wako watakaosema kwamba Waarabu wenyewe wameishi huko karne nyingi bila viyoyozi. Ni kweli. Waliishi kwa kujenga kuta nene, kwa kulala juu ya dari, kwa kuhamia mashamba ya mitende wakati wa kiangazi, na kwa kulala mchana. Wenyeji hawakulishinda joto kwa kufanya kazi saa 21.

Kwa hiyo twasema: mambo haya yaandikwe katika mkataba kabla mtu hajapanda ndege. Yaandikwe kwamba wiki mbili za kwanza kazi itakuwa nusu, na mshahara kamili. Yaandikwe saa za kupumzika mchana kwa mtumishi wa ndani kama zilivyo kwa mjenzi, maji ya kunywa bila kuomba ruhusa, na chumba cha kulala chenye ubaridi. Mawakala wanaopeleka watu waulizwe na Wakala wa Huduma za Ajira juu ya vipengele hivyo, jina kwa jina, na asiyekuwa navyo asipewe kibali. Tena, penye hiari ya kuchagua, mtu wa nyanda za juu asipelekwe Juni. Aende Novemba, akutane na joto likipanda taratibu. Hilo halimgharimu tajiri hata senti moja. Nao mabalozi wa mashina wajue ni nani wa shina lao aliyesafiri, na familia yake ina namba gani ya simu ya kumtafutia.

Aendaye naye ajue dalili. Mtu aliyeshikwa na joto kweli kweli huanza kusema ovyo, kuyumba au kuzimia, na ngozi yake huwa ya moto. Huyo asiachwe alale. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na daktari aitwe upesi. Vidonge vya homa havimsaidii.

Limebaki neno moja kwa watu wa Liganga kwenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, na wananchi wamengoja muda mrefu. Siku chuma hicho kitakapoyeyushwa, kijana wa Mundindi atakutana na joto kali bila kuvuka bahari, mbele ya tanuru. Tunayoyadai kwa matajiri wa Muscat tutayadai na hapo: siku za kuzoea, zamu fupi, maji na kivuli. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi una sheria tangu mwaka 2003. Kanuni za kazi ya tanuru zaweza kuandikwa sasa, wakati mawe yangali baridi.