Utulivu wa Lumuma Si Uvivu

Ndugu msomaji, upatapo likizo, usikimbilie pwani kila mara. Wachukue watoto mwende Lumuma, wilayani Kilosa, katika bonde lililozungukwa na milima, kuelekea mpaka wa Mpwapwa. Hiyo ni nchi ya Wasagara. Huko hakuna kelele za honi. Utasikia maji yakipita mferejini.

Lakini mji uliotulia si mji uliolala. Maji hayo ndiyo yanayonywesha mashamba ya vitunguu. Miche hulelewa kitaluni kwa wiki sita hivi, kisha huhamishiwa shambani mmoja mmoja kwa mkono. Hufuata miezi mitatu au zaidi ya palizi na kumwagilia. Waonyeshe watoto kazi hiyo, wapate kujua kuwa kitunguu hakizaliwi sokoni.

Waeleze pia habari ya lumbesa, yaani gunia lililokwisha kujaa, kisha likaongezewa kilemba juu yake. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mkulima mwenye shida ya fedha, aliye mbali na soko, hana nguvu ya kumkatalia mchuuzi. Kilemba kile ni jasho lisilolipwa.

Yatupasa sisi walaji wa mjini tudai mizani, tununue kwa kilo, wala tusifurahie rahisi iliyotokana na dhuluma. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Lumuma hataponywa na sifa za milima yake; ataponywa na bei ya haki.