Umesahau baridi

Asante mwandishi kwa makala ya usingizi wa wazee, ila umesahau baridi. Huku kwetu Lugarawa, Juni na Julai, mzee akiamka saa nane usiku kwenda choo cha nje, akirudi miguu ni barafu. Usingizi ndiyo basi tena. Mama yangu alikuwa anaamka mara nne. Kumbe kile kidonge cha presha kinachokojoza alikuwa anakimeza jioni! Tulipomuuliza daktari akakihamishia asubuhi, sasa anaamka mara moja. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao unadanganya: unakulaza mapema, saa tisa uko macho kodo. Na jamani, Piriton si ya kuwalaza wazee, inawavuruga akili na kuwaangusha. Anayekoroma hadi pumzi inakatika, mpelekeni hospitali.