Indy 500: Madereva wapo, shida ni injini

Mtu wa Mpanda haelezwi hili mara mbili: mabehewa yanaweza kupangwa stesheni, lakini kichwa kisipopatikana hakuna safari ya Tabora. Ndivyo ilivyo kwenye mbio za magari za Indy 500 kule Marekani.

Nafasi za kuanza ni 33. Mwaka 2019 yalijitokeza magari 36, matatu yakakosa nafasi, likiwemo la Fernando Alonso, bingwa mara mbili wa Formula 1. Mwaka 2022 yakaja 33 tu. Mchujo ukabaki jina.

Pesa inachangia, ndiyo, ila hata ukiwa nayo huendi dukani kununua injini. Zinakodishwa, na wanaokodisha ni wawili: Honda na Chevrolet. Uwezo wao una kikomo. Lotus ilijaribu 2012. Kwenye Indy 500 ya mwaka huo magari yake mawili yaliamriwa kutoka mapema kwa kwenda polepole mno! Msimu ulipoisha ikaondoka, na wa tatu hajapatikana tena.

Anayeumia ni timu ndogo inayotaka mbio hizo za Mei tu. Timu kubwa zimeshakodi za msimu mzima, yeye anasubiri zitakazobaki.