Bomba Lililozibwa kwa Kitambaa



Katika karakana nyingi za mashamba na viwanda vyetu kuna gari moja kuukuu lisilokufa. Hapa Uganda mengi ya magari hayo yaliletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Fungua boneti, utaona vali na vibomba vya kupunguza uchafu wa moshi. Mafundi wetu wamezoea kusema, "Hivyo ni vya Wazungu, toa uzibe." Mimi napinga neno hilo.

Miaka iliyopita, nikiwa msaidizi wa fundi katika shamba moja la chai, dereva mwenzetu alilalamika kila jioni kichwa na kichefuchefu. Aliambiwa ni malaria, akameza dawa. Siku moja alisimamisha gari kando ya barabara akashindwa kushuka. Tulipotazama injini tukakuta bomba linalochukua moshi kidogo kwenye manifoldi ya ekzosi na kuurudisha ndani ya injini limekatika. Lilikuwa limezibwa kwa kitambaa na waya, na kitambaa chenyewe kilikwisha kuungua. Moshi ulikuwa ukiingia alikokaa dereva kupitia matundu ya pedali.

Ndani ya moshi wa petroli mna kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huing'ang'ania damu mahali pa hewa njema, na mtu huweza kufa kama aliyesinzia. Mwenzetu alipona, lakini hakupona kwa sababu ya malaria.

Bomba lile halikuwekwa kwa urembo. Moshi ukirudishwa hupooza moto wa silinda, na gesi chafu za naitrojeni hupungua. Huko Los Angeles, Marekani, miaka ya 1950, mwanasayansi Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa gesi za magari na viwanda zikipigwa na jua ndizo zilizofanya ule ukungu wa kuwasha macho.

Kulitengeneza si uchawi, ila kunataka muda. Injini ipoe kabisa. Sugua nati kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha. Usivute kwa nguvu, maana manifoldi ya chuma cha kalibu hupasuka. Nati ikikataa, ipashwe moto na fundi wa kuchomelea, petroli ikiwa imeondolewa mbali na mafuta yale yamefutwa. Kisha irudishwe mbele na nyuma kidogo kidogo. Gasketi ya zamani isikwanguliwe kavu, kwa kuwa nyingi zilikuwa na asbesto: ilowanishwe kwanza. Mwisho funga gasketi mpya, washa injini nje ya karakana, usikilize kama kuna mahali panapovuja.

Wengine watasema spea hazipatikani. Ni kweli, mara nyingine hazipatikani. Basi likatwe bamba la chuma, lifungwe kwa boliti na gasketi, na iandikwe katika daftari la gari kwamba kifaa hakipo. Injini itatoa uchafu zaidi, lakini dereva hatakufa. Kitambaa si matengenezo.

Ugomvi wetu na mwajiri uko hapa. Kuziba kwa saa moja anakuita faida, kutengeneza kwa siku mbili anakuita hasara. Katika hesabu hiyo mapafu ya dereva hayamo. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake, na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu.

Kwa hiyo, ndugu fundi, ukiamriwa kuziba kwa kitambaa, mwite mwakilishi wa chama kabla hujashika spana. Nawe dereva, kichwa kikikuuma ukiwa garini tu, usikimbilie vidonge. Fungua madirisha, shuka, kisha fungua boneti.

Umoja ni nguvu.