Flashi Haipigi Hodi

Katika vituo vinavyokusanyia majani ya chai ya kiwanda cha Nyamache, hakuna gunia linalopanda mizani kabla halijatazamwa. Mkulima humwaga majani yake, yakapekuliwa, jani gumu na kijiti vikatupwa kando, yakabaki majani mawili na chipukizi. Hakuna anayeuona ukaguzi huo kuwa dharau. Jioni mkulima huyohuyo hukaa sebuleni mwanawe akirudi na flashi kutoka saiba (duka la intaneti) na kuichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani, na mashine ikaipokea bila kuuliza imetoka wapi wala imebeba nini.

Flashi ya Nyamache ni msafiri. Asubuhi iko shuleni na mitihani ya mwalimu, adhuhuri iko saiba ikisubiri karatasi zichapishwe, alasiri iko kwenye duka la filamu ikijazwa filamu anazosimulia DJ Afro, usiku iko nyuma ya televisheni. Bando la intaneti ni ghali na faili la filamu ni kubwa. Kumwambia mtu wa Nyamache asiazime wala kuazimisha flashi ni kumwambia asipande bodaboda. Ndiyo maana ule ushauri unaorudiwa kila mwaka, kwamba usichomeke flashi usiyoijua, haujamwokoa mtu. Kinachopaswa kurekebishwa ni mpangilio ulio ndani ya kompyuta, ule unaoipokea flashi bila kuuliza, na wa kuurekebisha wapo.

Chanzo cha mpangilio huo kinajulikana. Mwaka 1995 Microsoft ilitoa Windows 95 ikiwa na uwezo mpya: ukiweka CD, kompyuta inasoma faili dogo la maandishi liitwalo autorun.inf, inaona jina la programu iliyotajwa humo, inaiendesha. Wazo lilikuwa kumrahisishia mtu asiyejua kompyuta. CD ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa, nani angeiongezea kitu? Jibu lilikuja mwaka 2005, ilipogundulika kwamba CD halali za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikipenyeza kwenye kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha ndani kabisa ya Windows, ili kuzuia muziki usinakiliwe. Mtu alinunua wimbo dukani kwa pesa zake, akapelekewa mpelelezi nyumbani.

Flashi ilipoingia sokoni mambo yaliharibika zaidi, kwa kuwa yeyote anaweza kuiandikia chochote. Mwishoni mwa 2008 virusi vya Conficker vilianza kusambaa duniani, na toleo lake la pili lilijua kupanda kwenye flashi. Hila yake ilikuwa ya werevu mbaya. Ukichomeka flashi, dirisha liitwalo AutoPlay linaruka likiwa na picha ya folda na maneno ya kukualika ufungue uone faili zako. Ukibofya, unaendesha virusi. Februari 2009 baraza la jiji la Manchester, Uingereza, lilijikuta na mitambo iliyokwama na hasara ya takribani pauni milioni 1.5, kisha likapiga marufuku flashi ofisini. Hilo ni baraza lenye idara nzima ya mafundi. Nyumba yenye kompyuta moja ya mitumba ina nini?

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kuwashawishi wenye shaka. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi isijiendeshe kwenye Windows XP na Vista. Watu hawakubadilika. Hawakuhudhuria semina yoyote, na waliendelea kuazimana flashi kama kawaida. Hata hivyo, kampuni hiyo ilieleza kwamba, kufikia Mei mwaka huo, maambukizi ya virusi vya aina hiyo yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu kwenye mifumo hiyo miwili. Kuuzima mpangilio mmoja kulifanya kazi ambayo miaka ya maonyo haikuifanya.

Yapo madai kwamba hadithi hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba kwenye Windows 10 na 11 flashi haiwezi tena kuanzisha programu kwa amri ya faili lile la autorun.inf. Lakini mashine kuukuu ambazo hazijasasishwa bado ziko kazini, na dirisha la AutoPlay bado huruka kwenye zile mpya likimhimiza mtu abofye kabla hajafikiri. Wahalifu nao walihamia kwenye huo ubofyaji. Septemba 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza jinsi wapelelezi wanaohusishwa na China walivyosambaza virusi vya Sogu kwa flashi. Maambukizi mengi yalianzia Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na miongoni mwa mahali yalipoenea ni saiba na maduka ya kuchapisha. Yaani palepale mwanafunzi wa Nyamache anapopeleka kazi yake.

Hapa kwetu ugonjwa wa flashi una jina: virusi vya shotikati. Mwalimu anafungua flashi na kukuta kila folda imegeuka kijipicha chenye kimshale. Akibofya, folda inafunguka kweli, lakini virusi vimeshatangulia mlangoni. Wengi wakishtuka hukimbilia kufomati flashi, na mitihani ya muhula mzima inapotea. Inauma, kwa sababu mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu. Ukiagiza Windows ionyeshe vitu vilivyofichwa, pamoja na faili za mfumo zinazolindwa, utaziona zimelala palepale.

Kwa hiyo mzigo huu abebe anayeuweza. Fundi anayeuza kompyuta ya mitumba, au anayerudisha iliyotengenezwa, asimkabidhi mteja kabla hajaingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, na kuzima AutoPlay. Hapo hapo awashe maonyesho ya faili zilizofichwa na ya herufi za mwisho wa jina la faili, ili programu isijifanye picha ya harusi. Kwenye Windows ya zamani ahakikishe sasisho la 2011 limo. Mwenye saiba afanye vivyo hivyo kwenye kila mashine, kwa sababu moja iliyoambukizwa hugusa flashi nyingi kwa siku, na aichunguze flashi ya mteja kwa antivirasi kabla ya kuifungua.

Yapo mashambulizi ambayo hatua hizi haziyazuii. Inajulikana kwamba kifaa chenye umbo la flashi kinaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi na kujichapia amri. Kifaa cha namna hiyo huandaliwa makusudi na mtu mwenye shabaha, na ni nadra kumfikia mkulima wa chai. Kinachomfikia kila wiki ni flashi ya jirani iliyopita saiba, na kuzima AutoPlay kunamchukua fundi muda usiozidi dakika chache, mteja akiwa bado anahesabu pesa.