Volti Pekee Hazitoshi: Tupime Uwezo wa Betri Kuukuu

Si muda mrefu uliopita nilialikwa kutazama mitambo ya umeme wa jua katika zahanati moja ya kijijini. Paneli mbili zilikuwa safi juu ya paa, na jioni ile mita iliyo ukutani ilionyesha volti 12.7, yaani betri zimejaa. Hata hivyo muuguzi alinieleza kwamba taa za chumba cha kujifungulia huzimika kabla ya saa tatu usiku, na kwamba mara nyingi huzalisha kwa mwanga wa simu. Fundi aliyenitangulia alitazama mita, akasema betri ni nzima, akaenda zake.

Mita haikusema uongo. Iliulizwa swali lisilo lake. Volti hueleza jinsi betri ilivyojaa, wala hazielezi ukubwa wa kilichojaa. Mtungi uliojaa mchanga hadi nusu hujaa maji upesi, lakini maji yake hayatoshi kupikia. Ndivyo izeekavyo betri ya risasi. Fuwele ngumu za salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba, hasa betri ikikaa siku nyingi bila kujazwa barabara. Na dawa ya mabamba hayo hupukutika na kutua chini. Joto nalo huharakisha uchakavu: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri kwa takriban nusu. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo tulipima betri katika maabara ya nyuzi 25. Betri za zahanati ile zilikaa chini ya bati.

Vipimo vifaavyo ni viwili. Cha kwanza ni cha haidromita, kwa betri zenye vifuniko vya kutilia maji. Betri ikiisha kujaa, kila seli yapaswa kuonyesha kiasi cha 1.265. Seli inayopungua kwa 0.030 au zaidi kuliko nyingine yafaa kutiliwa shaka.

Kipimo cha pili, ambacho ndicho chenye hukumu, ni kuitumikisha betri. Betri ya ampea-saa 100 hujazwa, hupumzishwa, kisha hutolewa ampea 5 mfululizo mpaka volti zishuke hadi 10.5. Betri mpya hudumu kwa muda wa saa 20. Ikidumu saa 16, imebakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, na hapo ndipo wahandisi wengi huhesabu kwamba wakati wa kuibadilisha umewadia. Betri za zahanati ile zilidumu saa 5 na saa 4.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki hula siku nzima. Ni kweli. Lakini chaweza kufanywa mara moja kwa mwaka, betri moja moja, mahali penye hewa ya kutosha, na betri ijazwe tena mara baada ya kupimwa. Kutopima kuna gharama pande zote mbili: betri iliyokufa huaminiwa, na iliyo hai hutupwa. Nazo betri kuukuu si takataka za kawaida. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri za namna hiyo iliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Kwa maoni yangu, hakuna mradi wa umeme wa jua katika zahanati au shule unaostahili kupokewa rasmi bila haidromita, daftari la vipimo, na mtu wa hapo hapo aliyefundishwa kuvitumia. Bei ya haidromita ni ndogo mno ikilinganishwa na ya betri moja. Tena muuguzi ana haki ya kujua mapema, kabla mzazi hajafikishwa mlangoni, iwapo taa zitafika alfajiri.