Msituuzie Kofia ya Nyaya, Tuleteeni Mtu

Wanangu, wiki hii nimetumiwa ile video mara sita. Ile ya jamaa amevalishwa kofia ya nyaya, kompyuta mbele yake inaonyesha ubongo wa rangi rangi, halafu sauti tamu inasema trauma yako inafutika kwa vikao kumi tu, piga namba hii. Bei wanakwambia inbox. Na nyinyi mnaniandikia: "Si hii ndio dawa ya watu wa huko kwenu?"

Huko kwetu ni Garsen. Wacha nijibu hapa mara moja, manake kwa komenti mtasema nina wivu.

Kwamba kiwewe kinakaa kwa ubongo, hapo hatubishani. Kuna sehemu ndogo kama lozi inaitwa amigdala, kazi yake kupiga king'ora. Jirani yake ni hipokampasi, anayelipa tukio tarehe na mahali: hili lilitokea pale, siku ile, likaisha. Ukipitia jambo la kutisha kupita kiasi, king'ora kinashika kila kitu, moshi, mayowe, mbwa wakibweka, lakini tarehe haishikani vizuri na picha. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa Minjila leo, ananunua zake mahamri, moshi wa shamba linalochomwa ukamfikia, na mwili wake ukarudi 2012. Moyo mbio, jasho, miguu inataka kukimbia. Hakuamua. Sasa mwambie huyo ajikaze kiume. (Na wewe uliyeandika una trauma kwa sababu msichana alisoma meseji akanyamaza, tafadhali.)

Kwa waliokuwa chekechea wakati ule: Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa huko Tarassa, watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, watu 38, tisa kati yao polisi. Desemba, Kipao. Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, mto mmoja. Nani alianza siingii huko, huo mchezo tumeucheza vya kutosha. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Baadaye ikaja kafyu, wakaja GSU, ikaja tume ya Jaji Grace Nzioka, ikaja mikutano ya amani hadi ukachoka. Amani nani hataki? Lakini baraza linapatanisha jamii, halimpi mtu usingizi. Wazee walishikana mikono, soda zikanywewa, sisi tukapewa mpira na jezi zimeandikwa amani mgongoni. Yangu iliishia kuwa tambara la kupangusia pikipiki. Na mtoto aliyeyaona yale kwa macho yake akarudishwa darasani kama aliyetoka likizo.

Nilisoma na mmoja. Upepo ukibamiza mlango, yeye yuko chini ya dawati. Mwalimu alimchapa, eti analeta utundu. Nyumbani wakasema ni jini. Kufika kidato cha pili akawa amejua muguka na vidonge, manake hivyo angalau vilikuwa na athari aliyoielewa. Leo mtaani anaitwa mhuni. Sina neno na sheikh wala pasta, dua imewashika watu wengi huku wakati hakuna mwingine aliyewashika. Kinachonikera ni mgonjwa kupewa jina la tabia, halafu tunashangaa akiishi kama jina lake.

Sasa turudi kwa kofia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu watu waliopitia mambo kama haya. Kwa watu wazima wenye kiwewe sugu lilitaja tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, na ile ya EMDR, ambapo unakumbuka tukio huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu kushoto na kulia. Hiyo ya pili inafanana na uganga, najua, na wataalamu wenyewe bado wanabishana kama ni macho yanayofanya kazi au ni kule kukumbuka. Lakini inasaidia. Kofia ya nyaya haikutajwa.

Na hapa ndipo damu inanichemka. Kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, matokeo yakatoka 2008. Waliowatibu hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa wiki chache. Njia moja ilikuwa ya kusimulia. Unalaza kamba chini, hiyo ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Jiwe kwa kila baya, ua kwa kila zuri. Kisha kikao baada ya kikao unasimulia kwa mpangilio, na mkifika kwenye jiwe zito mnatua hapo polepole: uliona nini, ulisikia nini, na sasa hivi mwili unasema nini, mpaka lile jambo lipate tarehe yake na libaki huko. Miezi tisa baadaye, karibu 70 kwa kila 100 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, 37. Kamba na mawe, wanangu! Huku delta mawe ndio shida, tutatumia kokwa za maembe.

Mtaniambia hakuna watu. Tangu 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii kama 100,000, posho yao 5,000 kwa mwezi. Hao wanajua kila boma, wanaongea Kipokomo, Kiorma na Kiswahili. Chagueni wenye roho ya kusikiliza, wafunzeni, waongezeni posho, wawe na msimamizi aliyesomea kazi hii ambaye simu yake inapatikana. Na mgonjwa achague mwenyewe nani atakaa naye. Kijiji ni kidogo, huwezi kumwambia mama amwage moyo mbele ya binamu wa mtu aliyemchomea nyumba.

Ila msianze wenyewe kwa kamera. Tumeona wageni wakija na maikrofoni, mama anasimulia mpaka anazirai, wao wanapanda gari. Kumfungua mtu bila kujua kumfunga ni ukatili. King'ora kikilia, mketishe mwenzio, mwambie yuko wapi na leo ni tarehe ngapi, avute pumzi, aitoe polepole kuliko alivyovuta. Hiyo ni huduma ya kwanza tu, tiba bado.

Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kikiitishwa niko kiti cha mbele, na nitauliza wanasihi wako ukurasa gani. Na mwenye ile video, namba yake nimeihifadhi. Nauli ya basi mpaka Garsen nalipa mimi, kofia aiache, aje na kamba.